Kijana aliyekwama na mtu anayeuguza nyumbani: kaunselingi ipi imfae nani

Mtu akiniuliza kaunselingi gani ni nzuri nami namuuliza kwanza, ya nani? Manake mimi ni kaunsela hapa Mombasa na wanaonijia kwa wingi ni watu wa aina mbili. Kuna vijana, kuanzia miaka 18 mpaka kama 28 hivi, chuo kimeisha au kimekwama njiani, kazi hakuna, usiku umekuwa mchana na mchana umekuwa usiku. Alafu kuna wenye kuuguza, mara nyingi binti, mke au mkaza mwana, ndani kuna mgonjwa wa kiharusi, au mzee ameanza kusahau mpaka majina ya wanawe, au ndugu mwenye skizofrenia ambaye akikosa dawa nyumba nzima hailali. Wakiingia mlangoni wanafanana kabisa. Hawalali, chakula hakipiti, hasira ziko karibu, ukimuuliza tu habari yako machozi yanatoka. Hata ukiwapa ile fomu ya PHQ-9 ya maswali 9 ya kupima mfadhaiko wote wawili wanaweza kukuandikia 15 kati ya 27. Lakini kinachomsaidia mmoja kinaweza kumuumiza mwenzake, na hapo ndipo watu wanalipa sesheni tatu nne wanatoka wanasema hii kitu ni ya wazungu haifanyi kazi.

Mimi naangalia mzigo uko wapi. Kwa kijana sehemu kubwa iko kwenye anavyojiona na kwenye vitu anavyovikimbia. Kwa anayeuguza mzigo uko nje, unauona kwa macho: mgonjwa wa kugeuzwa kila masaa mawili asipate vidonda vya mgongo, dawa za saa kumi na mbili, pampasi za watu wazima ambazo hazinunuliki kwa bei ya huruma, na ndugu wa Nairobi anayetuma emoji ya mikono ya dua kwenye grupu la familia. Ukichanganya hapo, njia yoyote utakayochukua itakwenda kombo. Sasa tuzipitie, sio zote, zile ambazo utazikuta ukianza kutafuta.

CBT, ile ya kuchunguza fikra na tabia

Hii ndiyo maarufu, ilianza na daktari wa akili Aaron Beck kule Philadelphia miaka ya 1960. Kuieleza ni rahisi, kuifanya ni jasho: unalidaka wazo linalokuja lenyewe, unaliandika, unalidai ushahidi, alafu unalijaribu kwa kitendo uone kama linasema kweli. Kwa kijana mimi huwa ndiyo naanza nayo. Chukua kijana ametuma maombi ya kazi 30, amejibiwa mawili, yote ni pole. Kichwani ameshajihukumu, "mimi sifai". Basi ameacha kutuma, simu za wenzake hapokei manake watamuuliza siku hizi uko wapi, harusi haendi, analala mpaka adhuhuri, na kadiri anavyojificha ndivyo ile hukumu inavyozidi kuwa kweli kwake. Hapo hata wazo lenyewe siligusi kwanza. Tunaanza na kitanda. Kesho saa mbili uwe umeoga, saa kumi na moja unatoka mpaka Lighthouse, unakula mihogo yako, unaangalia meli, unarudi, na uandike kabla na baada umejiskiaje, moja mpaka kumi. Ataniambia sina mudi. Namwambia mudi haitangulii, inakuja nyuma, we nenda bila mudi. Wengi hawaamini mpaka waone kwenye karatasi yao wenyewe, kwa mwandiko wao, ile 3 imekuwa 5. Kwa wasiwasi pia, yule ambaye moyo unamwenda mbio akipanda matatu au akiitwa kwenye intavyuu, sioni njia inayoishinda hii.

Sasa mpelekee hiyohiyo dada anayemuuguza mamake. Wazo lake ni "nikitoka saa moja mama ataanguka". Utalidai ushahidi? Ushahidi upo, alianguka Ramadhani iliyopita dada akiwa ameenda dukani mara moja tu. Ukimwambia hayo ni mawazo yako tu yanakutisha, yeye amesikia kwamba hujui nyumba yake ikoje, atakuitikia vizuri kwa adabu na harudi tena. Kwahiyo CBT peke yake kwa anayeuguza, mimi nasema hapana, isipokuwa kwa aina moja ya mawazo, zile sheria za moyoni: mtoto mwema hachoki, nikimwachia mtu mwingine nimemtupa mamangu, nikicheka na mama anaumwa nina roho mbaya. Hizo hazitoki kwenye ile nyumba, amezibeba tu, na hizo CBT inaziweza. London kuna programu inaitwa START, ya jamaa wanaowatunza wenye dementia, ule ugonjwa wa kusahau, sesheni 8, wanaoiendesha walikuwa wahitimu wa saikolojia wa kawaida chini ya msimamizi, na utafiti uliotoka 2013 kwenye jarida la BMJ ulionyesha huzuni na wasiwasi wa watunzaji vinapungua. Lakini ukiangalia ndani yake hawakai tu kubishana na mawazo, kuna kuelewa tabia za mgonjwa, kuna kuomba msaada, kupumzisha mwili, kupangia yanayokuja mbele. Nusu yake ni mambo ya vitendo kabisa.

Kusikilizwa tu

Njia ya mwanasaikolojia Carl Rogers, ambaye kitabu chake cha 1951 ndicho kilichoitangaza. Hakuna homuweki, hakuna fomu, kaunsela hakushauri, anakusikiliza kwa dhati bila kukuhukumu na anakuonyesha alichokisikia. Watu wanaidharau hii, ati si hata shoga yangu anaweza kunisikiliza bure. Hawezi. Shoga yako atakwambia pole alafu ataanza ya kwake.

Kwa anayeuguza sesheni ya kwanza mimi huwa ni hii na sina haraka ya kuitoka. Fikiria, kila anayepiga hodi nyumbani kwake anauliza mgonjwa anaendeleaje. Miaka miwili, mitatu, mgonjwa anaendeleaje. Hakuna aliyeuliza na wewe je. Ana maneno ambayo nyumbani hayasemeki, kwamba saa zingine usiku akimsikia mama anaita anajifanya hajasikia, kwamba kuna siku aliomba Mungu yaishe tu, alafu akajichukia mpaka asubuhi. Akilisema hilo na akamwona mtu mbele yake hajashtuka wala hajamsomea dua ya kumrekebisha, mabega yanashuka hapohapo unayaona. Lakini ni sesheni ya kwanza, labda na ya pili. Ukimsikiliza vizuri miezi mitatu na bado anambeba mtu wa kilo 80 peke yake, hujamsaidia.

Kwa kijana kusikilizwa tu kuna mtego. Atakuja, mtaongea vizuri, atakuona kama kaka au dada yake, wiki baada ya wiki, na maisha yamesimama palepale. Isipokuwa yule ambaye shida yake sio woga, hajui tu anataka nini, kasomea uhandisi kwa sababu mzee alisema uhandisi. Huyo mpe nafasi ya kujisikia sauti yake mwenyewe kwanza, ukimletea jedwali la mawazo mapema atalijaza vizuri sana ili akufurahishe, ndivyo alivyolelewa.

Kutatua tatizo moja moja

Hii kwa anayeuguza ndiyo chaguo langu, na nashangaa haitajwi sana. Wengi mmesikia habari za mabibi wa Zimbabwe wanaokaa na watu kwenye mabenchi nje ya kliniki, mradi alioanzisha daktari Dixon Chibanda pale Mbare, Harare, mwaka 2006, unaitwa Friendship Bench. Mabibi wale hawakusomea saikolojia chuoni, wamefundishwa njia moja: mtu anamwaga matatizo yake yote, anachagua moja, wanalivunja vipandevipande, anaondoka na hatua ya kuifanya wiki hiyo, anarudi kusema imekwendaje. Sesheni mpaka 6. Walipima wakiwa na watu 573, matokeo yakatoka 2016 kwenye jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, na wale wa benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shirika la Afya Duniani, WHO, nao wana yao, PM+, sesheni 5 za dakika 90, inaongeza kupumua polepole na kurudia vitu ulivyokuwa ukivipenda na kujenga upya watu wa kukushika mkono. Hiyo imejaribiwa hapahapa Kenya, Nairobi, na wanawake waliopitia ukatili, na ikawasaidia.

Kwa yule dada inaonekana hivi. Anaandika yote, yanajaa ukurasa. Tunayagawa, yapi yana dawa na yapi hayana. Kwamba mama hatapona mkono wa kulia, hilo halina dawa, tunaliweka upande, tutalirudia kwa njia nyingine. Kumbeba mama kutoka kitandani mpaka chooni usiku mara tatu, hilo lina dawa. Basi tunatoa mawazo hata ya kijinga: kiti cha choo kando ya kitanda, mtu wa fiziotherapia amuonyeshe kubeba bila kuvunja mgongo, chai ya jioni isogezwe mapema, kijana wa jirani apewe kitu kidogo aje saa nne usiku. Anachagua moja tu. Wiki ijayo amelala masaa matano mfululizo na ukimpa PHQ-9 imeshuka kabla hatujaongea "hisia" hata kidogo. Mtu akisema hiyo sio saikolojia mwambie aende akaibebe ile kazi yeye.

Kwa kijana njia hii inasaidia kama tatizo lenyewe lina umbo: fii, kodi, mwenye nyumba, atachimenti haipatikani. Kama tatizo ni kwamba anajichukia, utakwenda naye hatua kwa hatua na kila hatua hataifanya, na atapata sababu nyingine ya kujichukia.

IPT, na mambo ya baada ya arubaini

IPT, tiba ya mahusiano na watu, ni ya Gerald Klerman na Myrna Weissman wa Marekani, miaka ya 1970, na inaangalia mambo manne tu: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, kubadilika kwa nafasi yako maishani, na upweke. Uganda waliijaribu kwa makundi mwaka 2002, vijiji 30 vya Rakai na Masaka, wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, na mfadhaiko ulishuka sana. Kwahiyo mtu asikwambie kaunselingi ya makundi haiwezi kukaa kijijini Afrika Mashariki.

Naipenda hii kwa sababu inawabeba wote wawili bila kulazimisha. Kijana wa miaka 23 yuko katikati ya kubadilika nafasi, si mtoto na si mtu mzima, kwao bado anatumwa dukani na hapohapo anaulizwa lini ataoa. Anayeuguza naye amebadilishwa nafasi bila kuulizwa, jana alikuwa mke leo ni nesi, na ukimuuliza mara ya mwisho yeye na mumewe kuongea kitu kisichohusu dawa ni lini anakaa kimya. Alafu msiba. Kwa ugonjwa wa kusahau msiba unaanza mtu akiwa hai, unamlilia aliyeko mbele yako, na hakuna matanga ya hiyo, hakuna atakayekuletea mahamri. Na akishafariki, siku arubaini nyumba imejaa, sufuria kubwa, kila mtu yupo. Siku ya arubaini na moja dada anaamka saa tisa usiku kwa mazoea, anakwenda mpaka mlangoni mwa chumba, kitanda hakipo. Hao ndio ninaowapata wengi, sio wakati wa kuuguza, ni baada. Wanasema nilidhani nitapumzika. Wakija hapo usiwape CBT kwanza, wala kutatua tatizo, tatizo gani tena litatuliwe. IPT.

Kuita familia yote

Hapa ndipo njia zinapopishana kabisa. Kwa anayeuguza, kikao cha familia nakiita mapema, wiki ya tatu hivi, na nikiweza nampata yule mwenye sauti, amu au mjomba au shangazi ambaye akisema kitu kinakuwa. Vitabu vya nje vinampa huyu dada ushauri wa kuweka mipaka, kusema hapana. Hapana kwa nani, kwa mamake aliyelala? Nyumba ni vyumba viwili. Kinachowezekana ni zamu, na zamu hagawi yeye, kinagawa kikao: wewe wa Nairobi hutaweza kuja, sawa, basi wewe ni pampasi na mshahara wa msaidizi, wewe wa Kisauni ni Jumamosi na Jumapili, na hiyo Jumamosi dada hayupo, asipigiwe simu. Naenda na karatasi ya Zarit, maswali 22 yanayopima uzito wa kuuguza, inafika 88, na kwa ruhusa yake naisoma ile namba mbele yao. Wanaume hasa wanaielewa namba. Kuna kaka alikuwa akisema dada analalamika tu, alipoona karatasi akauliza hii ya juu kabisa ni ngapi, akanyamaza.

Kwa kijana usiite familia mwanzoni. Utamweka kwenye sofa kati ya baba na mama, baba ataongea dakika arobaini, kijana atatazama simu, mwisho baba atauliza umesikia mwalimu alivyosema? Tena utakuwa umeshakuwa mwalimu. Mpe kwanza sesheni zake peke yake. Mama anayelipa atakupigia jioni, mwanangu alisema nini? Jibu ni moja, mama nashukuru umemleta, akiwa hatarini utajua, mengine ni yake. Ana miaka 18, ni mtu mzima, siri ni yake. Kaunsela anayemripotia mzazi kila kitu mkimbie. Na kama kijana ameletwa kwa ajili ya muguka, yale majani ya kutafuna, ambayo kaunti yetu ilijaribu hata kuipiga marufuku 2024, basi mahubiri ameshayasikia yote, huyo anataka yule kaunsela anayeuliza wewe mwenyewe unaonaje, inakupa nini na inakula nini, mpaka sababu ya kuacha itoke mdomoni mwake. Hiyo nayo ina jina na mafunzo yake, inaitwa motivational interviewing, mwanasaikolojia William Miller aliiandika 1983, uliza kama anaijua.

Na yule ambaye ni vyote viwili

Nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye mgumu, na wako wengi kuliko watu wanavyodhani. Binti amemaliza chuo, kazi hajapata, bibi akaanguka. Kikao cha familia kikakaa dakika kumi: wewe si huna kazi, kaa na bibi. Hakuna ubaya ndani yake, ni hesabu tu, wenye mishahara watoe pesa asiye na mshahara atoe mikono. Miaka mitatu baadaye wenzake wa darasa wana kazi, yeye ana pengo kwenye CV asiloweza kulieleza, anampenda bibi kwelikweli na anamkasirikia kwelikweli, na hasira yenyewe anaona ni dhambi. Huyu ukimtibu kama kijana, eti amka saa mbili, tuma maombi, utamuongezea hatia manake akipata kazi nani atabaki na bibi. Ukimtibu kama mtunzaji ukampunguzia mzigo tu, umemfanya awe mtunzaji bora wa miaka mingine mitatu.

Kwake mimi huanza na kusikiliza, alafu IPT kwenye nafasi iliyobadilika, na kikao cha familia chenye ajenda moja isiyo zamu bali tarehe: mpaka lini. Tarehe ikiandikwa, hata kama ni mwaka mmoja mbele, ndio naingiza CBT ya kijana, CV, woga wa intavyuu, yote. Ukigeuza mpangilio huo hauendi.

Muda na mahali navyo vinatofautiana. Anayeuguza hawezi kuja kwako kila wiki saa nne asubuhi, kubali simu, dakika 30 wakati mgonjwa amelala, atakuwa anaongea kwa sauti ya chini jikoni. Kijana simu kwake haina faragha, ukuta ni wa mabati na mdogo wake anasikiliza, bora aje, au mtembee.

Kuhusu kumpata mtu mwenyewe. Kenya tuna sheria ya makaunsela na wanasaikolojia tangu 2014, kwahiyo uliza amesajiliwa wapi, asikasirike ukiuliza. Muulize pia kwa kawaida unafanyaje kazi na mtu kama mimi, akijibu tu "nachanganya njia zote" muombe mfano mmoja. Kama uko chuo nenda ofisi ya wanafunzi kwanza, vyuo vingi vina kaunsela wa bure. Bei za nje zinatofautiana sana, uliza kabla hujakaa, na uliza kama ana bei ya asiye na kazi, wengi tunayo hatuitangazi. Na kama yale mawazo ya kufa yamekuja, kijana au anayeuguza, haya ya njia ipi yaache kabisa kwa sasa: piga 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya, bure, au nenda hospitali ya karibu ukiwa na mtu. Usiogope polisi kama zamani, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha kumshtaki aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume na katiba.

Ukishaanza, ipe sesheni nne. Ya nne kama hulali vizuri zaidi, hujatoka nyumbani zaidi, na mzigo haujapungua hata kidogo, mwambie hivohivo usoni. Kaunsela wa maana atabadilisha njia au atakupa namba ya mwenzake. Akikwambia tatizo ni wewe hujajitolea vya kutosha, na umetoka kumgeuza mgonjwa saa kumi alfajiri, chukua mkoba wako.